Tunawakalisha Wazee Wetu, Mifupa Yao Inakwisha

Mama wa miaka 68 anachukuliwa kutoka Rombo na kuletwa Dar es Salaam kwa mwanawe. Kule alikotoka alikuwa akiamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, anashuka bondeni na kupanda tena na mzigo, anapalilia kahawa, anachota maji. Mjini anapokewa kwa mapenzi ya kweli. "Mama, umehangaika vya kutosha, sasa kaa upumzike." Anapewa kochi mbele ya runinga, chai inamfuata hapo hapo, na akijaribu kushika ufagio dada wa kazi anaukimbilia, maana bosi akirudi atauliza kwa nini bibi anafagia. Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita. Mama anaanza kushika ukuta akielekea chooni. Kuinuka kwenye kochi kunataka mtu wa kumvuta mkono. Usiku mmoja anateleza bafuni, nyonga inavunjika, na ndugu wanaokuja kumjulia hali wodini wanasema: ndiyo uzee.

Ni uzee kwa sehemu. Mifupa ya binadamu hupungua kadiri miaka inavyosonga, na hakuna watu duniani ambao yao haipungui. Ninachokataa ni kuutwisha uzee lawama yote, kwa sababu katika miaka ile miwili ya kochi limetendeka jambo ambalo halikuwa la lazima. Tumeyafanya maisha ya wazazi wetu kuwa ya kukaa tu, tukaita heshima, kisha fedha ambazo zingefanya kazi nzuri tunazimalizia kwenye makopo ya virutubisho. Tumeelewa vibaya kinachoujenga mfupa na kinachouvunja, na kwa kutoelewa huko tunawapoteza watu tunaowapenda mapema kuliko ilivyopasa.

Mfupa tunaoukuta kwenye supu umekufa. Ulio mwilini uko hai, una damu na mishipa ya fahamu, na kila siku hubomolewa na kujengwa upya. Zipo seli ambazo kazi yake ni kuumega mfupa wa zamani, na zipo zinazofuata nyuma kuweka mfupa mpya. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa yote hubadilishwa kwa mtindo huo kila mwaka. Ndani kabisa zimetapakaa seli za aina ya tatu, na hizi ndizo zinazohisi mzigo. Ukipanda ngazi au kubeba ndoo, mfupa hupinda kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na seli hizo hupeleka habari kwamba hapa panataka kuimarishwa. Usipokanyaga wala kubeba, habari haiendi. Wabomoaji wanaendelea na kazi, wajenzi hawaitwi. Mpasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, aliliandika hilo mwaka 1892, kwamba mfupa hujiunda kufuata mzigo unaoubeba, na yaliyogunduliwa baadaye yamefafanua tu namna unavyofanya hivyo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka angani. Wanaanga ni watu wenye afya, waliochujwa na madaktari, na chakula chao hupangwa na wataalamu wa lishe. Hata hivyo, bila hatua za kuwakinga, hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa kila mwezi wanaokaa huko, kwa kuwa mwili hauna uzito wa kuukandamiza mfupa. Mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza kiasi kama hicho kwa mwaka mzima. Mgonjwa aliyelazwa kitandani muda mrefu naye mifupa yake humwishia haraka, hata kama analishwa vizuri.

Umri una nafasi yake, na ni haki kuieleza. Mifupa hujaa hadi kufikia kilele katika miaka ya ishirini na kitu, karibu na 30. Baada ya hapo ubomoaji huanza kuushinda ujenzi polepole. Kwa mwanamke, mteremko hugeuka kuwa mkali hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji. Katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yake. Mwanamume huenda taratibu zaidi, lakini naye hufika. Makadirio ya dunia ni kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanamume mmoja kati ya watano waliovuka miaka 50 watavunjika mfupa kwa sababu ya udhaifu huu, ambao madaktari huuita osteoporosisi. Sehemu zenye mfupa wa ndani ulio kama sifongo ndizo huathirika kwanza, yaani pingili za mgongo, kifundo cha mkono na shingo ya paja. Ndiyo maana mivunjiko hii ina mpangilio: mkono katika miaka ya hamsini, mgongo baadaye kidogo, nyonga kuanzia miaka ya sabini.

Wanawake wengi wa rika la mama zetu wanaamini mifupa yao iliisha kwa kuzaa. "Nimezaa wanane, nitabaki na mifupa gani?" Ni kweli kwamba mama anayenyonyesha hupoteza asilimia chache za madini ya mifupa yake ili mtoto apate maziwa. Lakini mtoto akishaachishwa, mwili huyarudisha, na tafiti hazijaonyesha kwamba uzazi mwingi peke yake unaacha mifupa dhaifu uzeeni. Nawaandikia hasa hao: mwili wenu haukuharibiwa na watoto wenu, na miaka iliyobaki bado ina kazi ya kufanya.

Kazi hiyo inawezekana hata baada ya hedhi kukoma. Huko Australia, watafiti waliwachukua wanawake 101 waliokoma hedhi, ambao mifupa yao ilikwisha kupungua, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mazoezi mepesi ya nyumbani. Kundi la pili liliinua vyuma vizito chini ya msimamizi, nusu saa kila mara, mara mbili kwa wiki, kwa miezi 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliobeba vizito, mifupa ya mgongo iliongezeka ujazo wa madini kwa karibu asilimia 3, ya wenzao ilipungua kwa zaidi ya asilimia 1. Kabla ya hapo, ushauri wa kawaida kwa wanawake wa aina hiyo ulikuwa wajihadhari na vitu vizito. Huo ndio ushauri tunaowapa wazazi wetu hadi leo, tena kwa upendo.

Sisemi bibi wa miaka 75 atwishwe gunia la mahindi. Aliyekwisha kuvunjika pingili za mgongo anaweza kuumizwa vibaya na mzigo wa kichwani au kuinama ghafla, na huyo anahitaji kuelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Wala sitaki kuusifia ugumu wa maisha ya kijijini, maana jembe la miaka 50 pamoja na chakula haba limewaharibu wengi viungo. Ninachosema ni kwamba mzigo unapaswa kupunguzwa kwa kipimo, usiondolewe wote kwa siku moja mtu anaposhuka basi stendi ya Magufuli. Mzee mwenye nguvu zake aendelee kubeba ndoo ndogo kila mkono, apande ngazi, aende sokoni kwa miguu, afue nguo zake mwenyewe akitaka. Mzee wa Kiislamu anayesujudu na kuinuka tena katika swala tano za kila siku anayapa mapaja yake kazi ambayo wengi wa rika lake wameiacha. Akiweza bado, asiharakishwe kuletewa kiti. Kwa anayekaa tu, pa kuanzia ni kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, akakaa, akainuka tena. Madaktari wa wazee hutumia zoezi hilo hilo kama kipimo: anayechukua zaidi ya sekunde 15 kuinuka mara tano, miguu yake imeanza kumwishia. Kipimo hicho kinafanyika sebuleni.

Linganisha na kipimo ambacho watu wengi hukitamani. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa ugonjwa huu kwa kutumia mashine ya DEXA, inayopiga mionzi hafifu na kupima ujazo wa madini kwenye nyonga na mgongo. Matokeo yako hulinganishwa na ya wanawake vijana wazungu wa Marekani. Ukishuka hadi alama -2.5 au chini yake, unahesabiwa mgonjwa. Ni kipimo kizuri, ila hapa Tanzania mashine hizo ni chache na ziko mijini. Tena, idadi kubwa ya watu wanaovunjika, zaidi ya nusu katika tafiti kadhaa, hawajafikia mpaka huo. Ujazo wa madini ni sehemu moja tu ya nguvu ya mfupa.

Watu wa Arusha na Kilimanjaro wana sababu ya kulielewa hili kuliko wengine, kwa sababu wanalo kwenye maji yao. Ukanda wa Bonde la Ufa, hasa miteremko ya Mlima Meru, una maji yenye madini mengi ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Meno ya rangi ya kahawia yanajulikana kule kizazi baada ya kizazi. Kinachoongelewa kidogo ni mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa mbadala haukuwepo. Magadi yanayolainisha maharage na makande nayo huongeza. Mtu anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka, mifupa yake inakuwa mizito. Kwenye eksirei inang'aa nyeupe kuliko kawaida, na mashine ya kupima ujazo ingempa alama nzuri. Lakini viungo vinakakamaa, mgongo haupindi, watoto wengine wanapata matege, na mfupa wenyewe, pamoja na uzito wake wote, ni mwepesi kuvunjika.

Wazungu waliwahi kulijaribu hilo kama dawa. Marekani, wanawake 202 wenye udhaifu wa mifupa walifuatiliwa kwa miaka minne, nusu yao wakipewa floraidi kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 1990. Ujazo wa mifupa ya mgongo kwa waliopewa floraidi ulipanda kwa asilimia 35, ongezeko ambalo dawa chache zimewahi kulifikia. Pingili zao hazikuacha kuvunjika, na mifupa mingine ya mwili ikavunjika mara tatu zaidi ya wenzao. Kila nikiona tangazo la kidonge kinachoongeza ujazo wa mifupa, nawakumbuka wanawake wale. Swali la kumuuliza muuzaji ni kama watu waliokitumia walivunjika kidogo kuliko wasiokitumia. Wengi wao hawana jibu. Na kwa wakazi wa Arumeru na Hai, kuchuja maji ya kunywa na kupikia ni sehemu ya kuilinda mifupa. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo fundi wa kawaida anaweza kuitunza. Serikali ingeisambaza kwa bidii ile ile inayotumia kuchimba visima.

Turudi kwenye kalisiamu, maana ndiko fedha nyingi zinakokwenda. Mwili unaihitaji, hilo halina mjadala. Mtu mzima anashauriwa kupata miligramu 1,000 hivi kwa siku, na mwanamke aliyevuka 50 miligramu 1,200. Lakini hadithi kwamba mifupa huvunjika kwa kukosa kalisiamu, na hupona kwa kuinywa, haisimami. Nchi za Skandinavia, ambako maziwa hunywewa sana, ndizo zenye viwango vya juu kabisa vya nyonga kuvunjika duniani. Vijijini Gambia, ambako wanawake walikuwa wakipata kalisiamu chini ya nusu ya kiwango kinachoshauriwa, nyonga zilikuwa zikivunjika kwa nadra. Watafiti waliokaa huko miongo mingi, katika kijiji cha Keneba, walijaribu kuwapa wajawazito vidonge vya kalisiamu ili kuwasaidia. Mwaka 2010 walitoa taarifa ambayo hawakuitarajia: baada ya uzazi, waliopewa vidonge walikuwa na mifupa yenye madini machache zaidi kuliko wasiopewa. Huenda mwili uliokwisha kuzoea kubana matumizi ulivurugwa na wingi wa ghafla. Isichukuliwe kwamba Mwafrika ana kinga, kwa kuwa wazee wa Gambia nao wamepimwa baadaye na kukutwa mifupa yao inapungua kwa umri kama ya watu wengine.

Chakula chetu kinatosha kwa wengi, kama tutakiheshimu. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake, maziwa mgando, ufuta. Uji wa ulezi, ambao una kalisiamu nyingi kuliko nafaka yoyote ya kawaida, takriban miligramu 340 kwa gramu 100 za unga. Ukichachushwa au mbegu zikioteshwa kwanza, mwili huyapata madini kwa urahisi zaidi. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila kalisiamu yake imefungwa na haitoki sawasawa. Kinachosahaulika ni protini. Mzee anayeshinda na chai na mkate mweupe kwa sababu meno hayapo anapoteza nyama ya mapaja, na mapaja ndiyo yanayomzuia asianguke. Maharage yaliyopondwa, yai, samaki aliyechambuliwa. Vitu hivi vinafaa kuliko kopo la unga wenye picha ya mifupa.

Vitamini D ina habari yake hapa Tanzania. Watafiti waliopima damu ya Wamaasai na Wahadzabe 60 walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati 50 huhesabiwa inatosha. Walichapisha mwaka 2012, na leo dunia nzima hurejelea namba hiyo inapojadili kiwango cha asili cha binadamu. Siri yao ni jua la kila siku kwenye ngozi. Mzee anayeshinda ndani ya fleti Kariakoo, au bibi asiyetoka uani kule Mji Mkongwe, yuko chini ya jua la ikweta bila kulipata. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanaishi hivyo hivyo, kwenye majumba ya viyoyozi, na upungufu wa vitamini D katika nchi za Ghuba umeenea. Walioko Uingereza wenye ngozi nyeusi wanashauriwa na mamlaka za afya za huko kufikiria kutumia mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, na wafuate ushauri huo. Kwa asiye na upungufu, kuongeza hakusaidii: utafiti wa Marekani uliohusisha watu 25,871 kwa takriban miaka mitano haukuona mivunjiko ikipungua kwa waliokunywa vitamini D, kama ulivyotoa matokeo yake mwaka 2022.

Wauzaji wa virutubisho wanafaulu kwa sababu wamechanganya magonjwa mawili. Goti linalouma asubuhi, linalolia kama kokoto, ambalo watu husema mifupa inasagana, ni ugonjwa wa viungo. Mifupa inayopungua haiumi kabisa. Mtu anaweza kuishi nayo miaka 15 bila kujua, akaja kujua siku ya kuanguka. Ishara ndogo zipo: kimo kilichopungua sentimita nne au zaidi tangu ujana, gauni linaloanza kuning'inia mbele na kupanda nyuma, kibiongo kinachokuja taratibu. Pingili za mgongo huvunjika kimyakimya, na karibu theluthi mbili ya mivunjiko hiyo haigunduliwi. Wenyewe huita mgongo wa uzee.

Zipo pia dawa zinazoimaliza mifupa, na watu hawaambiwi. Ya kwanza ni steroidi. Prednisoloni kwa pumu au baridi yabisi, ikitumika miezi mitatu na zaidi, humega mifupa haraka, na daktari anayeiandika anapaswa kupanga namna ya kuikinga. Kinachonitisha zaidi ni vidonge vya deksamethasoni ambavyo wasichana hununua bila cheti ili wanenepe. Wanaharibu mifupa katika umri ule ule inapopaswa kujaa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza ujazo kwa kiasi, na mara nyingi hurudi mtu anapoiacha. Kisha ipo tenofovira, iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hupunguza asilimia chache za mfupa katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo, kisha hali hutulia. Asiache mtu dawa hizo kwa kusoma haya, kwa sababu zinamweka hai. Lakini kizazi cha kwanza cha Watanzania kilichoishi muda mrefu kwa ARV sasa kinavuka miaka 55, wanawake wao wakikoma hedhi, na kliniki zao zingewauliza habari za mifupa.

Nikiulizwa ni badiliko gani moja ningelitaka katika hospitali zetu, ningetaka mvunjiko wa kwanza usipite hivi hivi. Mwanamke wa miaka 56 anajikwaa kwenye baraza, anaweka mkono chini, kifundo kinavunjika. Anafungwa plasta, baada ya wiki sita inafunguliwa, anaambiwa amepona. Mtu mzima aliyeanguka kutoka kimo chake mwenyewe hapaswi kuvunjika mfupa; akivunjika, mifupa yake imekwisha kutoa taarifa. Uwezekano wa kuvunjika tena ni takriban mara mbili ya mwenzake. Hapo hakuna haja ya mashine ili kujua nani anahitaji tiba. Glasgow, kule Scotland, walianzisha utaratibu mwaka 1999: muuguzi mmoja ana kazi ya kumfuata kila aliyevuka miaka 50 akaletwa na mvunjiko, kumpima, kumwanzishia dawa na kuhakikisha anaendelea nayo. Nchi nyingi zimeiga. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC na Bugando zina kliniki za mifupa zinazojaa kila wiki. Muuguzi mmoja aliyefundishwa na daftari lake wangetosha kuanza.

Dawa zenyewe zipo, na haki ya kampuni moja kuzitengeneza peke yake imekwisha. Alendroneti, ambayo sasa humezwa kidonge kimoja kwa wiki, ilipimwa miaka ya tisini kwa wanawake waliokwisha kuvunjika pingili, na mivunjiko ya nyonga ikapungua kwa karibu nusu. Humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na mtu hukaa wima au kusimama nusu saa, asije akaunguza koo. Upo pia mchomo wa asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka, unaofaa sana kwa mzee anayetoka mbali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitoa ahadi ya matibabu kwa wasiojiweza, na dirisha la wazee lipo hospitalini. Dawa hizi zingewekwa kwenye orodha ya dirisha hilo ili zisibaki kuwa za wenye fedha wa mijini.

Mfupa dhaifu wa nyonga au wa mkono usipoangushwa hauvunjiki kwa urahisi, na kuanguka kunazuilika zaidi ya watu wanavyodhani. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kuwa mazoezi, yakiwemo ya usawa wa mwili na nguvu za miguu, hupunguza kuanguka kwa asilimia 23. Mengine ni ya nyumba. Vigae vya bafuni vinavyong'aa ndivyo vya kwanza kubadilishwa au kuwekewa mkeka wa mpira. Chuma cha kushika kando ya choo, ambacho fundi wa geti anaweza kukichomea siku moja. Taa inayowaka usiku kati ya chumba na choo, na kama choo kiko nje, ndoo yenye mfuniko chumbani. Malapa yaliyolika yatupwe. Mtoto wa jicho aondolewe: utafiti wa Nottingham uliotoka mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mapema walianguka kwa theluthi moja pungufu ya waliosubiri. Na vidonge vya usingizi anavyopewa mzee ili alale viangaliwe upya na daktari.

Likitokea la kutokea na nyonga ikavunjika, wodi zetu zina desturi ambayo familia zinapaswa kuijua, kwa sababu kwetu ndugu ndio wanaomgeuza mgonjwa, kumlisha na kumwogesha. Hata Uingereza, kwenye upasuaji wa haraka, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano hufariki ndani ya mwaka baada ya kuvunjika nyonga. Anayelazwa wiki sita mguu ukiwa umevutwa kwa uzito yuko kwenye hatari kubwa zaidi: vidonda vya mgongoni, damu kuganda, nimonia. Kwa hiyo ndugu waulize siku ya kwanza kama upasuaji unawezekana na lini, na wasikubali jibu la kwamba umri umekwenda bila kuelezwa kuna shida gani nyingine mwilini. Miaka 80 peke yake haimzuii mtu kufanyiwa upasuaji. Akishawekewa chuma, mtaalamu wa fiziotherapia anatakiwa kumsimamisha kesho yake. Atalalamika, na mabinti watasema mwacheni mama apumzike, ana maumivu. Apewe dawa ya maumivu ya kutosha kwanza, kisha asimame, ashike fremu, apige hatua mbili hadi kwenye kiti na arudi, na jioni arudie.